Aliyekuona Ukianguka Mbona Kaachwa Nje?

Shangazi yangu alianguka bafuni Jumanne alfajiri, akapasuka kidogo juu ya jicho, na mpaka kufika Ijumaa tulikuwa tumeshalipia CT-skani ya kichwa, malaria, taifodi, sukari, figo, ini, eko ya moyo na kitu kingine kimeandikwa kwa kifupi kwenye risiti ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Vyote viko safi. "Mama hana tatizo," tukaambiwa. Sasa kama hana tatizo kaangukaje? Akapewa vidonge vya kizunguzungu na vitamini, tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu, wiki iliyofuata akaanguka tena, palepale, saa ileile.

Niseme mapema kwamba mi mwenyewe kazi yangu ni maabara, kwahiyo ugali wangu unatokana na hivyo vipimo na siwezi kukaa hapa nikavitukana. Ila kwa hili la watu kuzimia bila sababu kujulikana nimeanza kuamini kwamba tunapima sana vitu visivyohusika na hatupimi kabisa vile viwili vitatu vinavyohusika, na kikubwa kuliko vyote tunakiacha kimekaa kwenye benchi nje ya mlango, kinakula karanga.

Ngoja nieleze kwanza kuzimia kwenyewe maana hapa ndo watu wanachanganya. Kuzimia ni damu kutofika ya kutosha kwenye ubongo kwa muda mfupi, na sio muda mrefu kama unavyodhani, sekunde 6 mpaka 8 za damu kukatika zinatosha kumzima mtu mzima. Analegea, anaanguka, na akishalala chini kichwa na moyo vinakuwa usawa mmoja, damu inarudi, anaamka mwenyewe, hajapewa dawa wala hajaombewa. Ndo maana wale wanaokimbilia kumnyanyua na kumkalisha kwenye kiti wanamrudisha kulekule, mwache alale, mnyanyue miguu basi.

Sasa fikiria maana yake hospitalini. Tatizo lilikuwepo saa 11 alfajiri kwa sekunde 20 hivi, wewe unamfikisha saa 3 asubuhi, amekaa, anaongea, anauliza chai. Presha imesharudi, mapigo yamerudi, kila kitu kimerudi. Unachukua damu, unapima nini? Unapima mtu mzima aliyekaa kwenye kiti. Vipimo vyetu karibu vyote vinaangalia mwili ulivyo sasa hivi na ugonjwa wenyewe umeshaondoka, hapo kinachobaki ni kumbukumbu tu, na mgonjwa mwenyewe kumbukumbu hana kwasababu alikuwa amezima! Anayo aliyemuona.

Kwa shangazi aliyeona alikuwa mjukuu wake wa darasa la tano. Mara ya kwanza pale hospitali kubwa alitufuata mpaka mlangoni, sista akasema mtoto abaki nje, na kwa kweli wala hatukubisha, mtoto atajua nini. Mara ya pili tukaenda kituo cha afya cha karibu kwasababu hela ilikuwa imekata, tukamkuta afisa tabibu mmoja kijana, nadhani hata ndevu hazijakaa vizuri, akamwamkia shangazi shikamoo alafu swali lake la kwanza likawa, "Nani alikuwepo?"

Mtoto akaitwa. Akasimulia. Bibi alitoka chooni, akainama kuchota maji kwenye ndoo ya kutawadhia, akainuka, akasema "mbona giza," akashika ukuta. Uso ukawa hauna damu, midomo nayo. Akateleza na ukuta taratibu mpaka chini, mikono ikashtukashtuka mara tatu nne, macho yako wazi lakini hayaangalii. Alafu? Alafu akaniangalia akaniuliza, "Ndoo imemwagika?"

Yule kijana akaandika hiyo sentensi ya ndoo kama ilivyo, nilimuona. Mi nilikuwa naiona ya kuchekesha tu kumbe kwake ni jibu la nusu ya maswali yake, kwasababu mtu aliyetoka kwenye degedege la kifafa haamki akaulizia ndoo, anaamka amepotea, anakutazama kama hakujui, dakika kumi, robo saa, anataka kulala. Aliyezimia anaamka akiwa yeye.

Alafu akamlaza shangazi kitandani, akaseti simu yake dakika 5, tukakaa kimya kama msibani. Akapima presha: 152 kwa 84. Akamsimamisha, dakika moja, akapima: 118 kwa 70. Dakika ya tatu ikawa 109 kwa 66 na shangazi akasema lile giza linakuja, akamkalisha haraka. Kipimo ndo hicho. Ukisimama presha ya juu ikashuka 20 au zaidi, au ile ya chini ikashuka 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, tatizo lako ni presha kuporomoka ukisimama, na ya shangazi ilikuwa imeshuka zaidi ya 40. Mashine ileile ya presha iliyotumika pale hospitali kubwa mara nne, ila mara zote nne alikuwa amekaa.

Kilichobaki ni kuuliza dawa. Shangazi dawa zake anaziweka kwenye kopo la siagi, akamwaga mezani, na mle ndani kulikuwa na amlodipini, dawa ya kushusha presha, mbili za majina tofauti ya kampuni, moja ya kliniki na nyingine alinunua duka la dawa alipokuwa safarini, yeye anajua ni dawa mbili tofauti kwasababu maboksi ni ya rangi tofauti, na juu yake kuna dawa ya kukojoa aliyoongezewa kwa ajili ya miguu kuvimba. Na miguu yenyewe inaweza kabisa ilivimbishwa na hiyo amlodipini ya dozi mbili, hiyo dawa inajulikana kwa kuvimbisha miguu, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Sasa msije mkadhani hii ni hadithi ya kituo kidogo kuishinda hospitali kubwa, au ya sisi masikini. Kule kwenye hela wanafanya hivihivi. Mwaka 2009 watafiti Marekani walichapisha hesabu ya wagonjwa 2,106 wa miaka 65 kwenda juu waliolazwa kwa kuzimia, wakaangalia kila kipimo kilisaidia kiasi gani. CT ya kichwa, mawimbi ya ubongo, vimeng'enya vya moyo, ultrasaundi ya mishipa ya shingo, hata eko, vyote hivyo vilibadilisha kitu kwa chini ya asilimia 5 ya wagonjwa. Kupima presha umelala na umesimama ndo kulisaidia kuliko vyote, na unajua kulifanyika kwa wangapi? Asilimia 38. Wakapiga na hesabu ya hela: ili CT imsaidie mgonjwa mmoja tu zinatumika karibu dola elfu 25, mawimbi ya ubongo karibu dola elfu 33, presha ya kusimama dola 17 mpaka 20. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa huko huko kikatoa tamko kabisa kwamba mtu aliyezimia tu, na mishipa yake ya fahamu ukiikagua iko sawa, usimpeleke CT wala MRI ya kichwa.

Sio kwamba CT haina siku yake. Mtu kaanguka akabamiza kichwa na anatumia dawa za kuyeyusha damu, au upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki vizuri, au kichwa kinauma vibaya ghafla, mkimbize. Hata ya shangazi naweza kuitetea kidogo, alipasuka juu ya jicho na umri umeenda. Ila hapo unatafuta kuanguka kumemfanya nini, hutafuti kilichomwangusha. Sisi tulipewa majibu ya swali la kwanza tukadhani ni ya lile la pili.

Kwanini inakuwa hivi? Sidhani kama ni ujinga wa madaktari. Dokta ana foleni imefika mpaka uani, kumlaza mtu dakika 5 na kumsimamisha 3 na kumsikiliza mtoto wa darasa la tano ni robo saa, na hiyo robo saa hakuna bima inayoilipia kama kitu, ila CT inalipiwa, eko inalipiwa, na damu inalipiwa kila chupa na bei yake. Alafu na sisi wagonjwa tumo. Mtu akitoka hospitali anasimulia mtaani "hawajanipima hata kitu kimoja, wameniuliza maswali tu," kama vile ametapeliwa. Tunaipenda mashine, tena ile unayolazwa ndani inaunguruma. Na taifodi ndo usiseme, mtu kazimia kanisani kwa joto anapimwa Widal, kile kipimo ambacho kwenye mazingira yetu kinaweza kumsoma hata mtu mzima wa afya kuwa ana taifodi, na akishasomeka basi sababu imepatikana, anakunywa antibayotiki ya siprofloksasini wiki nzima kwa kosa la kusimama sana kwenye ibada.

Na kuzimia kwa aina hiyo ndo kwingi kuliko kote. Amesimama gwaride, yuko msibani hajala, daladala imejaa na jua kali, kaona sindano, unakuta kwanza anapiga miayo, jasho jembamba, kichefuchefu, masikio yanavuma, macho yanaingia ukungu, puu. Mshipa fulani wa fahamu unauambia moyo upunguze mwendo huku mishipa ya damu inalegea, damu inabaki miguuni. Maelezo yakiwa hivyo na mtu ni kijana na hana historia mbaya, uchunguzi umekaribia kuisha, bado ECG tu, kile kipimo cha umeme wa moyo. Kuna kipimo chake maalum, meza ya kuinamisha, unafungwa mikanda unanyanyuliwa nyuzi 60 mpaka 70 unaachwa hapo hata nusu saa wanakungoja uzimie, kilianza kutumika kwa kazi hiyo London, madaktari wakina Kenny na Sutton waliandika mwaka 1986. Ni kizuri pale maelezo hayaeleweki. Yakieleweka hakiongezi kitu.

Ila ile mikono ya shangazi iliyoshtukashtuka, hapo ndo pana hatari na hapo naomba tukae kidogo.

Mwaka 1994 Berlin kuna watafiti walichukua vijana wazima wa afya wakawazimisha kwa makusudi, wanahemeshwa haraka haraka, wanainuka ghafla, wanajikamua, huku kamera inarekodi. Waliozima kabisa walikuwa 42, na katika hao asilimia 90 walishtukashtuka viungo, wengi macho wazi. Hawa sio wagonjwa! Yaani kurusha mikono kidogo ni sehemu ya kuzimia kwa kawaida kabisa. Lakini nenda kamwambie jirani aliyeona mtu anaanguka, macho wazi, mikono inaruka. Atasema kifafa. Na ukifika hospitali ukasema "alikuwa anarusharusha mikono" bila mtu wa kukuuliza ilikuwa sekunde ngapi, ilianza kabla ya kuanguka au baada, alikuwa mweupe au wa bluu, aliuma ulimi pembeni au hapana, aliamka vipi, unatoka na jina la kifafa na fenobabitoni ya kunywa miaka. (Kujikojolea hakusaidii kutofautisha, maana kunatokea kote kote, japo watu wengi wanakuchukulia kama ndo ushahidi mkuu.) Uingereza kwenye hela zao, utafiti wa mwaka 2000 ulichukua watu 74 waliokuwa wameshaandikiwa kifafa na dawa haziwasaidii au kuna wasiwasi, wakawapima moyo na presha vizuri, 31 kati yao wakakutwa na maelezo mengine. Watu 31!

Na kwetu jina la kifafa sio jina la kubeba kirahisi. Yule daktari Louise Jilek-Aall aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya 1960 alikuta wagonjwa wanatengwa, wanakula peke yao, watu wanaogopa mate yao, na ukienda vijijini leo utakuta mabaki ya hayo bado yapo, binti akipewa hilo jina posa zinapungua na shule nayo anaachishwa. Kumpa mtu jina hilo kwasababu hakuna aliyekuwa na dakika 3 za kumsikiliza shahidi, mi naona ni uonevu. Siku hizi wala sio lazima shahidi aongee, kila mtu ana simu, mtu akianguka sokoni wanaorekodi ni wengi kuliko wanaosaidia, inanikera lakini basi hiyo video badala ya kuiweka status mpe ndugu yake aende nayo kwa dokta.

Kuna kundi lingine, la hatari, ambalo ukinisikia nasema kuzimia kwingi ni kwa kawaida nisije nikakulaza. Aliyezimia akiwa anakimbia au anacheza mpira, sio baada, wakati wa. Aliyezimia amelala. Aliyezimia bila dalili yoyote, katikati ya neno, anajikuta chini meno yamevunjika. Aliyesikia moyo unaenda mbio kabla. Mwenye ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana. Mtoto anayezimia akiwa ndani ya maji anaogelea, au alamu ikimshtua, huyo kwa pwani wataanza kusema jini wa baharini wakati kuna tatizo la kurithi la umeme wa moyo linalofanya hivyohivyo kabisa na mara nyingi linaonekana kwenye ECG. Hawa wote kipimo chao cha kwanza ni ile karatasi ya pinki ya visanduku vidogo, stika 10, sekunde 10 za kurekodi, unakaa kifua wazi unaambiwa tulia, basi. Kila aliyezimia apigwe ECG, hapo sina mjadala, ni rahisi kuliko karibu kila kitu kilichokuwa kwenye risiti yetu, na shangazi katika vipimo vyote vile hakupigwa, alipigwa eko, ambayo inaonyesha ukuta na milango ya moyo lakini umeme wake haikuonyeshi.

Watu wa mpira mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, Juni 26, 2003, Lyon, nusu fainali na Colombia, hakuna aliyemgusa, akaanguka pale katikati. Misuli ya moyo ilikuwa imenenepa. Na Fabrice Muamba mzaliwa wa Kinshasa, Machi 2012 pale uwanja wa Tottenham, moyo ulisimama dakika 78 na akapona. Hao hawakuzimia, moyo ulisimama, mtu wa hivyo haamki akilazwa, anahitaji kukandamizwa kifua palepale na kushtuliwa kwa umeme. Ila magonjwa ya aina hiyo kuna watu huwa yanawatumia salamu kwanza, mtu anazimia mazoezini mara moja anaambiwa hajala vizuri, anapewa glukosi, anarudi uwanjani.

Kwa wazee kuna salamu nyingine, mapigo kuwa taratibu mno. Madaktari wawili wa Dublin, Adams mwaka 1827 na Stokes 1846, waliandika habari za watu wanaozima ghafla huku mapigo yao yako chini sana, na wao hawakuwa na ECG, walikuwa na vidole na saa. Shika kifundo cha mkono wa babu aliyezimia, hesabu dakika nzima. Ukipata 34 umeshapata sababu kabla hata hujalipia kadi, na matibabu yapo, betri ya moyo, pale Dar es Salaam Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaziweka.

Tatizo ni yule ambaye mapigo yanakata mara moja moja. Huyo anafungiwa Holter, kile kimashine cha kutembea nacho masaa 24, na kikirudi kisafi anaambiwa moyo mzima. Kama unazimia mara mbili kwa mwaka, masaa 24 ni kumvizia mwizi usiku mmoja wakati yeye anakuja kila baada ya miezi sita. Kipo kidude kidogo kinachozikwa chini ya ngozi ya kifua kinarekodi hata miaka 3. Canada walijaribu kwa watu 60 mwaka 2001, wenye kidude jibu lilipatikana kwa asilimia 52, waliopita njia ya kawaida asilimia 20. Bei yake kwetu ni ya kukalia kikao cha ukoo, najua, lakini Holter safi ya siku moja isije ikaitwa jibu.

Na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, hasa tumbo likiwa linauma, kabla ya yote mpime mimba. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka damu inamwagikia tumboni na dalili ya kwanza unayoiona inaweza kuwa ni kuzimia tu. Kile kijiti cha mkojo kinauzwa kila duka la dawa.

Shangazi alitolewa ile amlodipini ya pili na dawa ya kukojoa, akaambiwa anywe maji, akiamka akae kwanza kitandani miguu chini ndo ainuke, na ndoo ikahamishiwa juu ya stuli ili asiiname. Mwezi uliopita tumerudi kliniki kubwa ya presha kuwaonyesha dawa zimebadilishwa, nimeenda na mtoto, amebeba na daftari lake alikoandika presha za bibi yake, kulala na kusimama, kila Jumapili. Sista mlangoni akasema anayesindikiza abaki nje, mgonjwa mmoja mmoja. Tukabishana kidogo, foleni ikaanza kuguna nyuma yetu, mwishowe akasema haya ingieni lakini mtoto asishike kitu.